Nani Ashindane na Nani? Muongo wa Ugomvi wa Madaraja kwenye Zwift

Imetimia zaidi ya miaka kumi tangu Septemba 2014, Zwift, kampuni yenye makao yake Long Beach, California, ilipowaruhusu watu wa kwanza kuijaribu programu yake. Mtu hufunga baiskeli kwenye mashine sebuleni, mashine ikapima nguvu za miguu yake kwa wati, na mfano wake kwenye skrini ukapanda vilima bega kwa bega na watu walio nchi za mbali. Muongo huo husifiwa kwa maajabu ya teknolojia. Kilichosahauliwa ni ugomvi wa nani ashindane na nani, na watu walioubeba bila malipo.

Jibu la mwanzo lilikuwa madaraja manne, yakipangwa kwa wati ambazo mtu anazalisha kwa kila kilo ya mwili wake. Wati 4.0 kwa kilo na kuendelea zilikuwa daraja A, 3.2 hadi 4.0 B, 2.5 hadi 3.2 C. Chini ya hapo D. Hesabu ilikuwa nyepesi, lakini haki yake ilikuwa na kasoro. Mwenye kilo 60 aliingia daraja B kwa wati 192, na mwenye kilo 90 kwa wati 288. Kwenye barabara tambarare yule mzito alimwacha mwenzake mbali, ingawa karatasi ilisema wako sawa. Wanawake wengi, kwa kuwa na miili midogo, ndio walioumia zaidi.

Isitoshe, uzito huo aliujaza mchezaji mwenyewe. Bondia hupanda mzani mbele ya mashahidi. Huyu alijipimia nyumbani na kuaminiwa. Hata daraja alijichagulia, na wenye nguvu za B wakajishusha C kwenda kuvuna ushindi. Tovuti ya ZwiftPower, iliyoanzishwa na watu wa kujitolea, ndiyo iliyofanya kazi ya refa: iliwafuta matapeli kwenye matokeo. Lakini iliwafuta mbio zikiwa zimekwisha, wakati walioonewa walikuwa wamekwisha kuachwa nyuma na kukata tamaa. Baadaye Zwift ilijaribu kumvisha aliyezidi daraja lake koni ya kijani kichwani na kumpunguzia nguvu katikati ya mbio.

Kesi iliyotikisa mchezo wote ilitokea Uingereza. Machi 2019 shirikisho la baiskeli la huko, British Cycling, liliandaa ubingwa wake wa kwanza wa mbio hizi, fainali ikarushwa na televisheni ya BT Sport. Washindani walikaa ukumbi mmoja, kila mmoja akitoka jasho mbele ya kamera. Cameron Jeffers alishinda, akatangazwa bingwa wa taifa.

Kilichomponza ni baiskeli aliyotumia ndani ya mchezo, inayofahamika kwa wachezaji kama Tron, mojawapo ya zile za kasi zaidi. Ili kuipata, mtu hupanda vilima vya kompyuta hadi jumla ya mita 50,000, kazi ya miezi kwa watu wengi. Jeffers hakuzipanda. Programu ilitumwa kuzalisha safari za uongo kwa jina lake, na rekodi zake zikaonyesha nguvu ambazo hakuna binadamu anayeweza kuzidumisha.

Oktoba mwaka huohuo alipokwa ubingwa, akatozwa faini ya pauni 250 na kufungiwa miezi sita. Alikiri hadharani kwa video na kuomba radhi. Taji likaenda kwa James Phillips.

Hukumu ile ilikuwa ya haki. Lakini ilionyesha pia macho ya wakubwa yalitazama wapi. Udanganyifu wa bingwa mmoja ulipata kikao cha nidhamu na vichwa vya habari; ule wa kila jioni katika C na D uliachiwa watu wa kujitolea.

Mengine yalikwenda haraka. Desemba 2020 shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, lilitoa ubingwa wa kwanza wa dunia wa mbio za mtandaoni: Jason Osborne wa Ujerumani kwa wanaume, na Ashleigh Moolman Pasio wa Afrika Kusini kwa wanawake. Mwaka 2022 Zwift ilianza kumzuia mtu kuingia daraja lililo chini ya uwezo wake. Mwaka 2024 ikaleta alama za kuanzia 0 hadi 1,000 zinazopanda na kushuka kwa matokeo, njia inayokaribiana na ile ambayo Arpad Elo aliwatungia wachezaji wa sataranji. Mwaka huohuo ubingwa wa dunia ulihamia kwenye programu shindani, MyWhoosh ya Abu Dhabi.

Kupanga watu kwa walichofanya mbioni ni hatua kubwa, na ilichelewa mno. Wale wa kujitolea walioshikilia haki kwa miaka yote hiyo wanastahili kutajwa kila historia hii inaposimuliwa. Na heshima ya mchezo isipimwe kwa ubingwa wa dunia pekee. Ipimwe daraja D, kwa mama au kijana anayeingia mbio zake za kwanza: je, amepangwa na wenzake, au amepangwa na mwindaji?