Mpaka wa Ruvuma na Maana ya Neno "Yetu"

Wataalamu wa uhusiano wa mataifa huuliza maswali mawili makubwa: kwa nini nchi nyingine ni tajiri na nyingine maskini, na ni kitu gani kinachoifanya dola ijitambue kuwa dola. Majibu yao mengi yametungwa mbali na kwetu. Katika makala hii nakusudia kuyapima kwa historia ya mahali padogo, yaani pwani ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa mto Ruvuma, katika Mtwara. Mimi ni mtu wa lugha, si mtu wa siasa. Lakini nadharia hujengwa kwa maneno, na maneno nayo yana historia.

Nadharia ya kwanza ni ya uhalisia, aliyoieleza Hans Morgenthau mwaka 1948. Yasema kwamba dola hutafuta nguvu, na mwenye nguvu ndiye mwenye kauli. Kwa habari ya mipaka, pwani hii yaithibitisha. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba pwani ya Sultani wa Unguja, yenye upana wa maili 10, yaanzia Tungi na kukoma Kipini. Desemba ya mwaka uo huo Ujerumani na Ureno zikaufanya Ruvuma kuwa mpaka wao. Mwaka 1887 Wareno wakaitwaa Tungi kwa mizinga, na Seyyid Barghash hakuwa na la kufanya. Mwaka 1894 Wajerumani wakaishika Kionga, ng'ambo ya kusini ya mlango wa mto; mwaka 1916 Wareno wakawanyang'anya, na mkutano wa amani wa mwaka 1919 ukawathibitishia. Mtu wa Kionga hakuhama. Zilizohama ni bendera. Na neno hilo bendera lenyewe tulilipata kwa Wareno.

Nadharia ya pili ni ya utegemezi, ambayo Walter Rodney, aliyefundisha Dar es Salaam, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1972. Yasema kwamba utajiri wa Ulaya na umaskini wa Afrika ni mambo yaliyozaliwa pamoja. Kwa hili twakumbuka mpango wa karanga ulioanzishwa mwaka 1947, kwa kuwa Waingereza walihitaji mafuta ya kula baada ya vita. Kwa ajili yake ilijengwa reli ya Nachingwea na bandari ya Mtwara. Mwaka 1951 mpango uliachwa. Bandari ikafunguliwa mwaka 1954, karanga zikiwa hazipo. Na reli ikang'olewa katika miaka ya sitini. Haja ilikuwa ya wengine, na kukoma kwake kuliamuliwa na wengine.

Nadharia ya tatu ni ile ya Alexander Wendt, aliyeandika mwaka 1992 kwamba dola huupata utambulisho wake katika kushughulika na nyingine. Mwaka 1964 viongozi wa Afrika waliokutana Cairo walikubali kuiheshimu mipaka waliyorithi. Mwaka uo huo FRELIMO ilianza vita dhidi ya Wareno, na wakimbizi wakavuka Ruvuma. Mmakonde wa kaskazini alimpokea Mmakonde mwenziwe kwa jina la ndugu. Serikali ilimwandika kwa jina la mkimbizi. Majina hayo mawili yalikuwa ya kweli kwa pamoja. Hivyo Tanzania ilijitambulisha kwa kuulinda mpaka, na vilevile kwa kumkaribisha aliyeuvuka.

Lakini jambo lililozipima nadharia zote ni gesi. Iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na tangu mwaka 2006 ikazalisha umeme wa Mtwara. Ujenzi wa bomba la kuipeleka Dar es Salaam, lenye urefu uliozidi kilometa 500, ulipoanza kwa mkopo wa Uchina, watu wa Mtwara walipinga. Januari na Mei 2013 palitokea ghasia, watu wakafa, na askari wa jeshi wakapelekwa. Bomba lilizinduliwa mwaka 2015. Lawama hapa haikuelekezwa Ulaya, bali mji mkuu wa biashara wa nchi yenyewe. Andre Gunder Frank alikwisha kuonya kwamba mnyororo wa kunyonya huingia hata ndani ya nchi; lakini hakueleza kwa nini kila upande ulijiona una haki.

Hapa sarufi yaweza kusaidia. Ziko lugha zenye maneno mawili ya "sisi": moja humwingiza msikilizaji, la pili humwacha nje. Kiswahili kina moja tu. Kwa hiyo sentensi "gesi ni yetu" yaweza kusemwa na waziri na mvuvi wa Msimbati bila kubadili herufi, wala wasikubaliane. Waziri amwingiza mvuvi. Mvuvi, ambaye ameona karanga na reli zikija na kwenda, amwacha waziri nje.

Basi naona upungufu wa nadharia hizi ni kuihesabu dola kama mtu mmoja mwenye kauli moja. Mpaka wa nje waweza kuchorwa na wageni kwa siku moja. "Yetu" haichorwi, hujengwa katika mgawo, na hubomoka katika mgawo. Asiyeangalia nani huingizwa ndani ya neno hilo hataelewa tofauti ya matajiri na maskini duniani, wala ya Dar es Salaam na Mtwara.