Kurahisisha sehemu bila kubahatisha

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1983, wanaakiolojia walichimbua kaburi la ofisa mmoja huko Zhangjiashan, katika jimbo la Hubei nchini China. Ofisa huyo alizikwa yapata mwaka 186 KK pamoja na maandishi yake ya sheria na kitabu cha hesabu kilichoandikwa kwenye vijiti bapa vya mianzi vipatavyo 190. Kamba zilizoviunganisha zilikuwa zimeoza, ikabidi wataalamu wavipange upya. Humo mlikuwa na kanuni ya kurahisisha sehemu, na mfano wake si wa kitoto: 162/2016. Jibu ni 9/112.

Mwanafunzi wetu angeikata sehemu hiyo kwa 2, kisha kwa 3, mara nyingine tena kwa 3, akafika. Njia hiyo inategemea jicho. Kigawo kikijificha, mtoto anakwama.

Kanuni ya Wachina haihitaji jicho. Imeelezwa vizuri katika Jiuzhang Suanshu, kitabu cha hesabu cha enzi ya Han chenye sura tisa. Sura ya kwanza inahusu kupima mashamba, na swali moja linataka 49/91 irahisishwe. Kanuni yasema: kiasi na asili vikigawanyika kwa 2, vigawe. Visipogawanyika, toa ndogo kutoka kubwa, na uendelee hivyo hivyo mpaka zilingane.

Tuifuate. 91 toa 49, inabaki 42. 49 toa 42, inabaki 7. Sasa tunaitoa 7 kwenye 42: 35, 28, 21, 14, 7. Zimelingana. Gawa juu na chini kwa 7, unapata 7/13. Makarani wa zama hizo walifanya kazi hii kwa vijiti vya kuhesabia vilivyotandazwa mbele yao. Kila kutoa kulikuwa ni kuondoa vijiti.

Kwa nini inafanya kazi? Mwaka 263 BK, mwanahisabati Liu Hui alikiandikia kitabu hicho ufafanuzi, na jibu lake bado linaridhisha: namba zote mbili ni mafungu ya ile namba ya mwisho. 91 ni saba kumi na tatu, 49 ni saba saba. Ukitoa mafungu kwenye mafungu, kinachobaki ni mafungu tu. Aliongeza kuwa sehemu inaweza kuandikwa kwa urefu au kwa ufupi, lakini kiasi chake hakibadiliki.

Huko Aleksandria, yapata mwaka 300 KK, Euclid aliweka hatua hizo hizo mwanzoni mwa kitabu cha saba cha Elementi zake, pamoja na uthibitisho. Ndiyo maana leo zinabeba jina lake, na kompyuta bado hutumia njia hiyo, ila kwa kugawanya badala ya kutoa.

Madarasani kwetu ile namba ya mwisho, yaani kigawo kikubwa cha shirika (KKS), hutafutwa zaidi kwa kuchambua vigawo tasa. Ni njia nzuri, lakini naona tunawanyima watoto kitu. Mpe mtoto 1001/1309. Atajaribu 2, 3 na 5, zote zikatae, na huenda akaandika kwamba hairahisishiki. Anayejua kutoa atapata 308. Akiitoa mara tatu kwenye 1001 itabaki 77, nayo 77 inaingia kwenye 308 mara nne kamili. Jibu ni 13/17.