Muuaji Alikuwa Jela, na Asiye na Hatia Pia

Kama hujaona Memories of Murder ya Bong Joon-ho, itafute wikendi hii. Ni filamu ya Korea Kusini ya 2003. Makachero wanamsaka muuaji wa wanawake mashambani, mvua haikomi, na ukimaliza kuitazama unaanza kumshuku hadi jirani.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Kati ya 1986 na 1991, wanawake na wasichana 10 waliuawa Hwaseong, kusini ya Seoul. Mauaji yalipoanza, nchi ilikuwa mikononi mwa jenerali, Chun Doo-hwan. Kwenye filamu, makachero wanaomba askari wa kulinda doria usiku. Wanaambiwa hakuna, wote wametumwa kuzima maandamano. Yaani polisi wa kupiga wanafunzi wapo, wa kumlinda msichana anayerudi nyumbani gizani hawapo.

Halafu kuna kichapo. Wale makachero hawana ushahidi, kwa hivyo wanapiga washukiwa mateke hadi wakiri. Na kwa vile jamaa ni vichekesho, mtazamaji anacheka.

Nje ya filamu hakukuwa na la kuchekesha. Mwaka wa 1989 polisi walimkamata fundi wa miaka 22 aliyekuwa akichechemea kwa sababu ya polio. Walimnyima usingizi hadi akakiri kumuua msichana wa miaka 13, wa nane katika ile orodha. Wakasema huyo alikuwa ameiga tu muuaji mwenyewe. Akafungwa maisha. Filamu ilipotoka, watu wakijaa kumbini, yeye alikuwa bado ndani. Aliachiliwa kwa masharti 2009, baada ya miaka 20.

Mwaka wa 2019 DNA ikamtaja Lee Choon-jae. Naye alikuwa jela tangu 1994, kwa kumuua shemeji yake. Polisi waliwahi kumhoji siku zile wakamwachilia, eti kundi lake la damu si lile walilokuwa wakitafuta. Alikiri yote 10, hata la yule msichana. Desemba 2020 korti ikamsafisha fundi. Lee hakushtakiwa kwa mauaji hayo. Muda wa kisheria ulikuwa umepita.

Filamu inaisha kachero, Song Kang-ho, akikodolea kamera macho. Bong amesema aliamini muuaji angekuja kuitazama, ndiyo maana macho yale yakaelekezwa kwake. Sawa. Lakini ukijua ya fundi, unagundua kuna mtu mwingine ambaye kachero yule angeshindwa kumtazama usoni.