Medali iliyochelewa miaka 80: makaratasi ya askari yakipotea, nani anakumbuka kazi yake?

Kuna swali ambalo jamaa walioko kambini wanatuuliza mara nyingi. Nyumba iliungua na makaratasi yote yalikuwa ndani: karte ya mchaguzi, cheti cha ndoa, diploma ya mtoto, makaratasi ya baba aliyekuwa askari. Je, mtu anaweza kudai haki yake bila karatasi?

Leo tunajibu kwa historia. Historia hii haikutokea kwetu. Ilitokea Marekani, nchi tajiri yenye ofisi kubwa, na hata huko makaratasi ya mamilioni ya askari yaliungua kwa siku chache.

Usiku wa tarehe 12 Julai 1973, moto uliwaka katika ghorofa ya juu ya jengo lililotunza kumbukumbu za wanajeshi, karibu na mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Wazima moto walipigana nao kwa siku kadhaa. Inakadiriwa kwamba mafaili kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea. Kwa wanajeshi wa nchi kavu walioachishwa kazi kati ya mwaka 1912 na 1960, karibu 80 kwa 100 ya mafaili yalipotea. Hakukuwa na nakala mahali pengine. Chanzo cha moto hakikujulikana mpaka leo.

Hasara hiyo ilikuwa na uzito kwa sababu ya karatasi moja. Askari wa Marekani akimaliza kazi, anapewa karatasi ya kuachishwa jeshi. Tangu mwaka 1950 karatasi hiyo inaitwa DD 214. Ndani yake mnaandikwa siku aliyoingia na siku aliyotoka, cheo chake, kazi aliyoifanya na medali alizopata. Kwa karatasi hiyo anatibiwa, anapata msaada wa masomo, na siku akifa anazikwa kwa heshima ya askari. Medali isiyoandikwa humo, mbele ya ofisi ni kama haikuwahi kuwapo.

Na medali hukosa kuandikwa mara nyingi, hata bila moto. Wakati mwingine amri ya kumpa askari medali inafika wakati yeye amekwisha kurudi nyumbani. Wakati mwingine karani anapiga chapa kwa haraka, na faili iliyo mbele yake haijakamilika. Wakati mwingine kikosi kizima kinapewa sifa miaka mingi baada ya vita. Lakini kuna sababu nyingine mbaya zaidi: medali haikuandikwa kwa sababu kuna mtu ambaye hakutaka iandikwe, au hakuona haja. Hapo ndipo inaingia habari ya Waverly Woodson.

Woodson alizaliwa Philadelphia mwaka 1922. Alikuwa mwanafunzi aliyetaka kuwa daktari, akaacha masomo akaingia jeshini. Wakati ule jeshi la Marekani lilitenga weusi na weupe. Alifaulu mtihani wa kuwa ofisa, lakini akaambiwa hakuna nafasi ya ofisa mweusi. Basi akafundishwa kazi ya kutibu majeruhi, akapelekwa katika kikosi cha 320, kikosi cha askari weusi kilichorusha mapuruto makubwa angani ili kuzuia ndege za adui.

Tarehe 6 Juni 1944, majeshi ya muungano yalipovuka bahari kuingia Ufaransa, Woodson alikuwa katika chombo kilichoelekea ufuko ulioitwa Omaha. Chombo kilipigwa, naye akaumia kwa vipande vya bomu kabla hajakanyaga nchi kavu. Alifungwa jeraha, akafika ufukoni, akatengeneza mahali pa kutibia watu chini ya risasi. Alifanya kazi kwa saa 30 hivi: kutoa risasi, kufunga vidonda, kuongeza damu, hata kukata mguu uliokuwa umeharibika. Aliwarudishia pumzi watu waliokuwa wamezama majini. Wanaohesabiwa kupita mikononi mwake ni karibu 200, wengi wao wazungu ambao katika kambi zao hawakula naye meza moja.

Kwa kazi hiyo alipewa Bronze Star, na kwa jeraha lake Purple Heart. Si medali ndogo. Lakini wakuu wake walikuwa wamependekeza kubwa zaidi. Miaka mingi baadaye, mwandishi wa habari Linda Hervieux, aliyetoa kitabu juu ya kikosi hicho mwaka 2015, alikuta katika maktaba ya rais Truman barua fupi ya ofisini iliyoandikwa mwaka ule wa 1944. Barua ilisema kwamba kamanda wa Woodson alimpendekeza kwa Distinguished Service Cross, ambayo ni medali ya pili kwa ukubwa jeshini, na kwamba ofisi ya jenerali John C. H. Lee iliona anastahili hata ile ya kwanza, Medal of Honor. Mwandishi wa barua alitaka rais mwenyewe amvalishe, kama alivyowafanyia vijana wazungu.

Haikufanyika. Katika vita ile yote, Wamarekani zaidi ya 400 walipewa Medal of Honor, na wakati ule hapakuwa na mweusi hata mmoja kati yao. Ni mwaka 1997 tu, baada ya jeshi kuomba wanahistoria wachunguze, ndipo askari weusi 7 walipewa. Sita walikuwa wamekwisha kufa. Vernon Baker peke yake ndiye aliyeipokea kwa mikono yake. Woodson hakuwa kati ya hao 7. Makaratasi yake hayakupatikana, na jibu lilikuwa kwamba faili iliungua mwaka 1973.

Ndugu zangu, tusimame kidogo hapo. Moto wa 1973 hauwezi kuzuia medali ya 1944. Kati ya vita na moto ilipita miaka 29. Katika miaka hiyo yote faili ilikuwapo, na yeye mwenyewe alikuwa hai akifanya kazi katika maabara ya serikali. Moto uliharibu ushahidi, ni kweli. Lakini kabla ya moto kulikuwa na ukimya. Moto uliwapa watu sababu nzuri ya kuendelea kunyamaza.

Woodson alikufa mwaka 2005. Mjane wake, Joann, hakuacha. Pamoja na watoto, mwandishi yule wa habari na seneta wa jimbo lao la Maryland, Chris Van Hollen, waliendelea kuandika barua. Jeshi lilijibu kwamba ushahidi hautoshi. Wakaongeza: barua ile ya maktabani, magazeti ya 1944 yaliyosimulia kazi yake, maneno ya waliokuwa ufukoni. Mwezi wa Juni 2024, miaka 80 baada ya siku ile, jeshi lilitangaza kwamba Waverly Woodson anapewa Distinguished Service Cross. Mjane wake alikuwa amepita miaka 90. Medal of Honor hajapewa, na wanaomtetea hawajaona kwamba deni limelipwa lote.

Watu wengine wa Marekani wanasahihisha makaratasi yao kwa njia iliyo nyepesi kidogo. Askari, au jamaa yake kama amekufa, anaandikia ofisi ya kumbukumbu. Kama medali ilikwisha kutolewa kwa amri, ikasahauliwa tu kwenye karatasi, karatasi ya zamani haifutwi. Inatolewa nyingine, DD 215, inayobandikwa pamoja nayo na kusema: ongezeni hili. Ofisi ikikataa, kuna baraza la kusahihisha kumbukumbu za jeshi, lililotokana na sheria ya mwaka 1946. Muda wa kuomba ni miaka 3 tangu kosa lijulikane, lakini baraza linaweza kusamehe ucheleweshaji kama haki inadai hivyo.

Na wale ambao faili iliungua? Ofisi inatafuta pembeni: orodha za mishahara, ripoti za kila asubuhi zilizotaja nani yupo, nani mgonjwa, nani amejeruhiwa, mafaili ya hospitali, barua za madai ya zamani. Vipande hivyo vikikusanywa, maisha ya mtu yanaanza kuonekana tena.

Sisi Wakongomani tunao wazee wa namna hiyo. Mwaka uleule wa 1944, hospitali ya vita ya Force Publique kutoka Kongo ilikuwa Burma, Asia, ikitibu majeruhi pamoja na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambamo Kiswahili kilisikika kila siku. Mmoja wa waliofika Burma, koplo Albert Kunyuku, alivalishwa nishani ya Ubelgiji na mfalme Philippe mjini Kinshasa mwezi wa Juni 2022. Alikuwa na miaka 100. Wenzake wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa bila mtu kuwaita majina.

Kwa hiyo, kwa mama aliye kambini na swali lake, jibu ni hili. Karatasi ikiungua, kazi ya mtu haiungui, lakini haijisemei yenyewe. Anza leo. Andika katika daftari majina, tarehe, mahali, kikosi au shule, na majina ya watu walioona. Tafuta vitabu vya pembeni: buku la ubatizo la parokia, rejista ya shule, fishi ya kituo cha afya, orodha ya mishahara ya mwajiri. Omba cheti cha kupoteza makaratasi. Kwa mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, tribinali inaweza kutoa jugement supplétif kwa maneno ya mashahidi. Piga picha ya kila karatasi iliyobaki, umtumie jamaa aliye mji mwingine, ili isilale mahali pamoja.

Na kama kuna mzee wa vita karibu nawe, mwulize sasa, angali anasema. Ya Woodson yaliandikwa na watu wachache mwaka 1944, na maneno yao machache ndiyo yaliyomtetea miaka 80 baadaye. Mzee wako naye anahitaji mtu wa kumwandikia.