Damu ya Chokoleti

Mara ya kwanza kuiona Night of the Living Dead ilikuwa kwenye kibanda cha video mtaani, nakala imechakaa, sauti inakwaruza. Tulianza kwa kucheka. Ati hawa ndio wafu? Wanatembea kama walevi! Ilipoisha, kibanda kizima kilikuwa kimya. Tangu hapo, mtu akinishangaa kwamba msoma vitabu kama mimi anakesha na sinema za bei chee, humsimulia habari ya hii moja.

Mwaka 1967, George Romero na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, walikuwa wakijipatia riziki kwa kutengeneza matangazo ya biashara. Waliichangia sinema yao wenyewe, wakatafuta na wengine wa kuwaongezea, mpaka zikafika kama dola 114,000. Kwa Hollywood hizo ni hela za chai. Basi wakapiga picha nyeusi na nyeupe katika nyumba ya shambani iliyokuwa ikingoja kubomolewa. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti. Bila rangi, nani angejua?

Watu saba wamejifungia ndani, nje wafu wanataka kuwala. Anayeshika uongozi ni Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, mtu Mweusi. Romero alisema alimchagua kwa sababu alikuwa mwigizaji bora kuliko wengine waliojaribiwa. Ben anawaamuru Wazungu, anampiga mmoja risasi, na hakuna anayetaja rangi yake hata mara moja. Anaokoka usiku kucha. Kumekucha, wawindaji wa wafu wanamwona dirishani, wanamdhani ni mfu, wanamuua. Kisha zinafuata picha za mnato: maiti yake inavutwa kwa kulabu hadi kwenye moto.

Sinema ilitoka Oktoba 1968, miezi sita tu baada ya Martin Luther King kuuawa. Hebu fikiria mtazamaji Mweusi wa Marekani akiziangalia picha zile.

Hapo ndipo ninapoona mvuto wa sinema hizi. Wengi husema tunazipenda ili tuzicheke. Mimi nakataa. Mwenye pesa nyingi angedai mwisho wa furaha. Wale wa Pittsburgh hawakuwa na bosi wa kuwaambia Ben apone. Umaskini uliwanyima rangi na mastaa, lakini uliwaachia ukweli.

Bei yake, hata hivyo, waliilipa. Msambazaji alipobadilisha jina la sinema, tangazo la hakimiliki likasahaulika. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, ikawa mali ya umma: yeyote aliweza kuinakili na kuiuza bila kuwapa senti. Mwaka 1999 iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa. Heshima ilikuja, fedha zilikuwa zimeshapita mikononi mwa wengine.

Labda hata nakala yetu ilifika kibandani kwa njia hiyo. Ndiyo maana siku hizi nikiitazama, sicheki tena mwanzoni.