Protini Isiyokuwamo Katika Damu Yetu

Mchungaji wa Kirolirwe, kwenye njia ya Sake kwenda Kitshanga, akichomwa mwiba asubuhi, jioni mguu umevimba na unawaka moto. Baada ya siku mbili, usaha. Usaha ule ni maiti za askari: chembe nyeupe zilizotoka ndani ya mshipa zikakimbilia jeraha. Aliyeziita ni kemokini, protini ndogo zinazotolewa na nyama iliyoumia. Chembe nyeupe hufuata upande ambako kemokini zimejaa zaidi, hadi zifike.

Historia ya protini hizo inapita katika damu yetu. Mwaka 1950, huko London, damu ya mgonjwa aliyeongezewa damu mara nyingi ilikutwa na kingamwili isiyojulikana. Alama iliyolengwa na kingamwili hiyo, juu ya chembe nyekundu, ikapewa jina la ukoo la mgonjwa huyo: Duffy. Mwaka 1955 ikaonekana kwamba Wamarekani weusi wengi hawana alama hiyo. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake wakaeleza faida ya kuikosa: malaria ya vivax hutumia alama hiyo kama mlango wa kuingilia, na usipokuwapo, kwa kawaida hubaki nje. Malaria ya falciparum, inayoua watoto wetu, haiuhitaji mlango huo. Na vivax yenyewe sasa imekutwa hata kwa Wakongo wasio na Duffy.

Mwaka 1993 ndipo mambo mawili yalipokutana: Richard Horuk na wenzake walionyesha kwamba Duffy ni kipokezi cha kemokini. Juu ya chembe nyekundu huzinasa zinapozagaa katika damu. Kwenye kuta za vishipa huzivusha hadi ndani, chembe nyeupe zizione. Miaka miwili baadaye watafiti wa Paris walipata chanzo cha upungufu huu wetu sisi Waafrika wengi: herufi moja ya jeni imebadilika, ikazima Duffy kwenye chembe nyekundu tu. Kwenye mishipa inaendelea na kazi. Ndiyo maana mguu wa mchungaji huvimba kama wa mtu yeyote.

Herufi hiyohiyo, kama ilivyogunduliwa mwaka 2009, hupunguza idadi ya neutrofili, aina ya chembe nyeupe, katika damu. Si ugonjwa. Lakini viwango vya maabara vilipangwa kwa damu ya Wazungu, na mtu mwenye afya kabisa akahesabiwa kuwa na kasoro. Wengine walinyimwa klozapini, dawa ya skizofrenia, kwa sababu hiyo tu. Mwaka 2015 Marekani ilishusha kiwango cha neutrofili kinachotakiwa kwa dawa hiyo kwa watu wenye damu kama yetu.