Waya Mmoja wa Bahari: Historia ya Giza la Unguja

Usiku wa tarehe 21 Mei, 2008, kisiwa chote cha Unguja kiliingia gizani, na umeme haukurudi mpaka tarehe 18 Juni. Tarehe 10 Desemba, 2009 ukakatika tena, safari hii mpaka Machi, 2010. Wako makada wanaolisimulia jambo hili kama ajali ya kiufundi, kazi ya mafundi peke yao. Sisi tunaliona kuwa suala la historia, na kwa hiyo ni suala la siasa.

Kabla ya 1980 mji wa Zanzibar ulizalisha umeme wake wenyewe kwa mitambo ya dizeli pale Saateni. Mafuta yalipopanda bei duniani katika miaka ya 1970, mitambo ya namna hiyo ikawa mzigo kwa kila nchi changa. Mwaka 1980 ukalazwa waya chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa Bara hadi Ras Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Umeme wa nguvu za maji ulikuwa nafuu kuliko wa dizeli. Hatuna ugomvi na walioamua hivyo.

Kosa lilikuja taratibu, kama kutu. Kwa kuwa waya ulifanya kazi vizuri, akiba haikutunzwa. Tangu miaka ya 1980 hoteli za watalii zikaongezeka na mji ukapanuka, hata mahitaji yakakaribia kikomo cha uwezo wa waya. Njia iliyo bora ikageuka kuwa njia pekee. Jambo la namna hii halihitaji azimio la kikao chochote, linatosha kutoamuliwa.

Waya ulipokufa, umma ulikosa taa, lakini ulichoumia nacho zaidi ni maji, kwa sababu pampu za visima huendeshwa kwa umeme. Hapo ndipo tabaka zilipoonekana wazi. Mwenye hoteli aliwasha jenereta. Mkazi wa Ng'ambo alipanga foleni na ndoo, na mama wa ghorofa za juu za Michenzani aliipandisha ndoo hiyo ngazi kwa ngazi. (Maji ya mfereji wa Barghash, katika karne ya 19, yaliteremka mjini kwa mwinamo wa ardhi. Hatumsifu Sultani kwa hilo. Lakini mwinamo hauhitaji waya.) Pemba, iliyokuwa haijaunganishwa na Bara, iliendelea kuwaka kwa dizeli yake ghali.

Sasa tuzingatie tarehe. Mkataba wa fedha za Marekani uliojumuisha waya mpya wa Unguja ulitiwa saini Februari, 2008, miezi mitatu kabla ya giza la kwanza. Hatari ilikwisha kuonekana, basi. Lakini waya huo, wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013. Kati ya saini na waya kulikuwa na miaka mitano, na miaka hiyo ndiyo iliyoachwa bila ulinzi. Hata baada ya mwezi mzima wa giza, ilipita miezi kumi na minane na kisiwa bado hakikuwa na akiba ya kukitosha. Majenereta ya dharura ya Mtoni yaliwekwa baada ya giza la pili. Tunawaambia wanafunzi wetu kwamba mpango wa miaka mitano hauwashi pampu usiku wa leo, nao hucheka. Lakini Unguja haikucheka.

Mwaka 2010 Pemba nayo iliunganishwa kwa waya wa bahari kutoka Tanga. Ilikuwa hatua njema, na ni hatua ile ile ya 1980.

Matawi ya mjini yanayotaka kulijadili suala hili yaanze na kisima kilicho karibu nayo: pampu yake inaendeshwa na nini, umeme ukikatika siku tatu nani atakuwa na ufunguo wa jenereta, mafuta yake yako wapi, na ndoo ya kwanza ni ya nani.